Msomaji Niliyembuni Akaja Ofisini

Mliniandalia chai ya kuniaga, mkakata keki, kisha mkaniomba niwaachie maandishi kidogo kuhusu kazi ya ukurasa wa barua. Nimekubali kwa sababu keki ilikuwa nzuri. Habari za vyeo na mishahara sitaziandika. Anayezitaka aende idara ya wafanyakazi, huko wanazijua kuliko mimi. Nitawaambia kosa langu kubwa, lile ambalo mmelisikia nusunusu kantini, kila mtu akitia chumvi yake. Leo chumvi natia mwenyewe.

Siku yangu ya kwanza nilifika kwenye jengo letu la katikati ya jiji nikiwa nimevaa viatu vya dada yangu, vinanibana, nikaketishwa mbele ya Mzee Athmani. Huyu ndiye aliyekuwa mhariri wa barua za wasomaji, mtu wa Mombasa, shati lake jeupe limepigwa pasi hadi unaogopa kupita karibu na chai. Mezani alikuwa na vifaa vinne: mkasi, gundi, kalamu nyekundu, na msumari mrefu uliosimamishwa juu ya kipande cha mbao. Barua ya kuchapishwa ilikwenda kulia. Barua ya matusi, au ya mtu anayegombana na jirani kuhusu ua wa michongoma, ilichomwa kwenye msumari.

"Binti," aliniambia, "kazi yetu si kuwafundisha watu kufikiri. Wanafikiri tayari. Kazi yetu ni kuwapunguzia maneno."

Na maneno walikuwa nayo, jamani! Yaliandikwa kwenye karatasi za daftari, nyuma ya kadi za harusi, na siku moja kwenye mfuko wa unga wa kilo mbili. Bahasha zilinuka mafuta ya taa, samaki, marashi. Mzee Athmani alikuwa akiinusa bahasha kabla ya kuifungua, anakwambia hii ya mwalimu, hii ya fundi. Mara nyingi alikosea, na hakukubali hata mara moja. Nilijifunza mapema kwamba mtu wa Nairobi anaudhiwa na starehe za mwenzake zaidi ya anavyofurahia zake. Mwenye redio anamlalamikia mwenye kanda. Mwenye kanda anamlalamikia mwenye ngoma ya kanisa. Mwenye ngoma ya kanisa anawalalamikia wote wawili na kuambatisha aya ya Biblia.

Sasa niwaambie kuhusu kiraka. Ukurasa hauendi mtamboni ukiwa na tundu. Mvua ikinyesha wiki nzima posta ikachelewa, saa kumi alasiri inafika na barua ni tatu badala ya saba. Hapo mhariri anaandika mwenyewe barua moja ya kuziba, na hiyo ndiyo tuliita kiraka. Wakubwa walijifanya hawajui. Mzee Athmani alikuwa na masharti yake: kiraka kisiwe na jina wala mtaa, kiandikwe tu "Msomaji, Nairobi", na kisiwe na maoni yoyote. Kishukuru mvua, kiombe taa za barabarani, kiishie hapo.

"Ukimpa jina," alisema, "atataka kula."

Nilicheka. Nilikuwa msichana, nilidhani wazee husema mambo ya namna hiyo kwa sababu ya njaa.

Mzee Athmani alistaafu, akaniachia mkasi na msumari. Ikaingia miaka ya elfu mbili, na kompyuta, na barua pepe ambazo hazina harufu kabisa. Zikaja stesheni za redio za kila namna, watangazaji wanacheka tangu alfajiri, wanawaambia watu wapige simu watoe maoni yao hapo hapo. Basi nani tena anunue stempu? Ukurasa wangu ulianza kukonda. Viraka vilivyokuwa vya msimu wa mvua vikawa vya kila Jumanne, na taa za barabarani nilikuwa nimeziomba mpaka nikajionea aibu.

Jumanne moja nilikuwa nimepita Kilimani asubuhi. Nikaona kwenye ghorofa ya kwanza, nyuma ya kioo, watu wazima wanatembea juu ya mashine, jasho linawatoka, hawafiki popote. Chini yao bawabu aliyetoka Kawangware kwa miguu anawafungulia magari yao geti. Nilifika ofisini bado nachemka. Saa kumi ikafika, tundu lipo. Nikaandika. Sikuomba taa. Niliuliza kwa nini wale wa juu wasibadilishane na bawabu, wao watembee kutoka Kawangware bure, naye apande juu akae kwenye kiti kilicho mbele ya feni. Nikamaliza, nikaona haya maneno hayawezi kusemwa na "Msomaji, Nairobi". Yalitaka mtu. Nikambunia jina linalomfaa mzee anayefuta viatu kabla ya kuingia nyumbani kwake mwenyewe: Zakaria Gichohi, Riruta.

Lo! Wiki ile zilikuja barua kumi na tisa. Mwenye mashine alitaka kujieleza. Bawabu mmoja alituma shukrani. Mwanamke wa Woodley aliuliza kama Bwana Gichohi ni mjane.

Na hapo, wenzangu, nililewa. Wiki iliyofuata Zakaria alisema kuhusu simu za mkononi kulia kanisani wakati wa maombi, na mwenye simu anavyoiacha ilie kidogo ili watu wajue anayo. Kisha akasema kuhusu watu wa Nairobi wanaokwenda kupumzika Naivasha, wanakaa saa nne kwenye foleni ya magari, wanakula nyama ile ile waliyoiacha kwa bucha wao, halafu wanarudi wamechoka kuliko walivyokwenda. Nilikuwa na miaka mingi ya maoni niliyoyanyamazia nikikata ya wengine, na sasa yalipata mdomo, tena wa mwanamume, ambao husikizwa bila kukatizwa.

Nyumbani Woodley mume wangu, Baba Simiyu, alikuwa akimsoma Zakaria kwa sauti Jumatano asubuhi. Yeye ni mwalimu wa hesabu, si mtu wa kusifu ovyo.

"Huyu mzee ana akili," alikuwa akisema. "Nekesa, unamjua?"

"Huleta barua tu," nikamjibu, nikimimina chai. Miaka ishirini na miwili ya ndoa, sikuwa nimesikia sifa kama zile zikielekezwa upande wangu wa meza.

Kilichoniponza ni barua ya sopu. Nyinyi vijana labda mmesahau ile tamthilia ya Mexico ya saa moja jioni, iliyotafsiriwa, mdomo unasema hili na sauti inasema lile. Jiji lote liliipenda. Zakaria akaandika kwamba mwanamume anayekaa na wanawake kulilia msichana wa Mexico aliyepotezana na mama yake, huku ng'ombe wake hajakamuliwa, huyo avue suruali awape wenye kazi nayo. Barua hiyo niliiandika nikiwa sebuleni kwangu, nimepunguza sauti ya televisheni, ili nisipitwe na kipande cha hospitali.

Tulipata barua hadi sanduku likashindwa kufungwa. Mhariri mkuu, Bwana Mutiso, alikuja mezani kwangu anasugua mikono. Ofisini mimi ni Perpetua; Nekesa ni wa nyumbani.

"Perpetua, huyu mzee ni dhahabu. Nataka picha yake. Nataka tumpe safu yake ya kila wiki."

Nikasema ni mtu mwenye haya sana. Mutiso akasema haya zitaisha akiona picha yake. Akaondoka, nami nikaogopa, maana miezi miwili kabla alikuwa amemfukuza mwandishi mmoja kwa kubuni shahidi wa ajali. Alimfukuza kabla ya chakula cha mchana, wala hakumruhusu amalize chai. Nilikuwa na watoto wawili sekondari. Nikaapa: Zakaria amekufa. Wiki mbili nikarudi kwenye taa za barabarani.

Alhamisi, saa nne, simu ya mapokezi ikalia.

"Madam, kuna Zakaria Gichohi huku chini."

"Nani?"

"Yule wa barua! Nimemsalimia kwa mkono kabisa!"

Nilishuka kwa ngazi, lifti ikiwa nzima, ili nichelewe. Kwenye benchi alikuwa ameketi mzee mrefu, suti ya kahawia, kofia magotini. Viatu vyake, naapa, alikuwa amevifuta. Nikampeleka kantini, kona ya nyuma kabisa. Akatoa kitambulisho akakiweka mezani kati ya vikombe viwili. Zakaria Gichohi. Anakaa Riruta, ana vyumba vichache vya kupangisha na ng'ombe mmoja. Maisha yake yote ya kazi alikuwa mtunza stoo wa shule.

"Mzee," nikaanza, "kama kuna kosa lolote limetokea..."

"Kosa iko," akasema. "Tena kubwa. Wiki mbili sasa hamjaweka barua yangu."

Nilimtazama. Alikuwa hatanii.

"Madam, mimi sijawahi kuandika barua, hata ya kuomba msamaha," alisema, sasa kwa sauti ya chini. "Lakini ile siku ya kwanza pasta alisimamisha gari akaniambia, 'Mzee Gichohi, umenena.' Nikafikiri ananichanganya na mtu. Nikaingia duka, wakanipa kiti. Nikafika nyumbani, bibi yangu ananiangalia hivi, anasema, 'Kumbe huwa unafikiria vitu?' Sasa ningesema nini? Nikanyamaza. Na Riruta ukinyamaza, wanasema huyo ni mnyenyekevu."

"Basi unataka niendelee?"

"Nataka kwanza nikulaumu. Hiyo barua ya sopu ilinimaliza." Akasogeza kikombe. "Mimi huiangalia, mama. Na bibi yangu, kila jioni, tangu nistaafu. Ile barua ikatoka, saa moja ikafika, akaniambia, 'Baba Wanjiru, nenda, hii si kitu ya wanaume, wewe mwenyewe umesema.' Nikaenda kusimama na ng'ombe. Wiki mbili nasimama na ng'ombe. Sasa hata ng'ombe amenichoka." Akainama karibu nami, akaangalia mlango. "Kwani yule msichana alishajua yule mama tajiri ndiye mamake?"

Ningefanyaje? Nikamwambia. Nikamweleza habari ya hospitali, na damu, na daktari mwongo, na kidani kilichookotwa. Chai ikapoa. Nilipofika kwenye kidani alipiga meza kwa kiganja, vikombe vikaruka.

"Nilijua! Ngai, nilimwambia Mama Wanjiru hicho kidani kitaleta maneno!"

Kisha akakumbuka kilichomleta. Jumamosi ile kanisa lao lilikuwa na mdahalo ukumbini, wanaume kwa wanawake, juu ya starehe za siku hizi. Msemaji wa wanaume alikuwa yeye. Hakuwa na neno hata moja.

"Miaka thelathini nilikuwa mtu wa funguo," alisema. "Watu walikuja kwangu kuchukua chaki, wakaenda. Hakuna mtu aliniuliza Gichohi unaonaje. Nikianguka Jumamosi, narudi kuwa mtu wa funguo. Niandikie, mama."

Nilimwandikia kurasa mbili. Niwe mkweli: nilimhurumia, lakini zaidi nilijihurumia. Zakaria akiumbuka mbele ya kanisa zima, watu wangeanza kuuliza, na maswali yangefika kwa Mutiso kabla ya Jumatatu. Nikamkabidhi hotuba Ijumaa, nikadhani nimemaliza. Kumbe yule wa mapokezi alikuwa ameshatangaza ghorofa zote tano kwamba ameshikana mkono na Zakaria Gichohi. Mutiso akasikia habari za mdahalo, akapanga mpiga picha aende Riruta. Na Baba Simiyu, aliposikia tangazo la mdahalo kwa mwalimu mwenzake, akatoa koti lake la Krismasi kabatini.

"Siwezi kukosa kumwona huyu mtu," akasema. "Twende wote."

Ukumbi ulijaa hadi madirishani. Wanawake kushoto, wanaume kulia, nami katikati nyuma na mume wangu, nikijaribu kuwa mfupi. Msemaji wa wanawake, fundi wa cherehani mwenye sauti ya kuita kuku wa mtaa wa pili, aliwachambua wanaume na mpira wao wa Kiingereza kwenye mabaa mpaka wengine wakainamisha kofia. Kisha Zakaria akaitwa. Makofi! Pasta mwenyewe alisimama. Mpiga picha akapiga magoti mbele.

Zakaria akatoa karatasi zangu, akasoma: "Ndugu zangu, taifa lililopiga kambi mbele ya televisheni limewapa wageni funguo za sebule yake."

Baba Simiyu alitikisa kichwa kwa kukubali. Kisha kichwa kikasimama. Akanigeukia polepole.

"Hiyo ya funguo za sebule," akanong'ona, "si uliniambia Jumatano, ukikaanga vitunguu?"

Mbele, Zakaria alikuwa ameacha kusoma. Alikuwa anamtazama mkewe, aliyekaa benchi ya kwanza na kitambaa cha kijani, amekaza midomo. Akakunja karatasi, mara moja, mara mbili, akaitia mfukoni.

"Hii maneno ni mzuri," alisema. "Lakini si yangu. Hata ile ya gazeti si yangu. Mimi nilipata jina yangu pale, nikanyamaza. Nilinyamaza kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza watu kuniuliza, Gichohi, unaonaje?"

Pasta akaketi tena, na Zakaria akaendelea.

"Sasa niwaambie vile naona. Mimi nilifanya kazi miaka thelathini. Nikitoka nyumbani ni giza, nikirudi ni giza, nakula, nalala. Mama Wanjiru alilea watoto akiwa peke yake na mimi nikiwa kwa hiyo nyumba. Nikastaafu, tukakaa kwa kiti, hatuna la kuongea. Tukaanza kuangalia hiyo sopu. Yeye anasema huyu daktari ni mwongo, mimi nasema hapana, tunabishana mpaka kitandani. Nimeongea na bibi yangu juu ya huyo msichana wa Mexico kuliko juu ya watoto wetu wote wanne. Nilikuwa sijui ako na maneno mingi hivyo. Nilikuwa sijui anacheka hivyo." Akamtazama tena mkewe. "Na nimelia, ndio. Pale hospitali nililia. Sasa mkitaka kunicheka, chekeni, lakini mimi nataka kurudi kwa kiti yangu."

Mama Wanjiru alikuwa ameufunika uso wote kwa kitambaa cha kijani. Upande wa kushoto ulilipuka vigelegele. Upande wa kulia mzee mmoja akasimama, akasema kwa hasira, "Basi ni nani alikuwa anaandika hiyo maneno yote?"

Zakaria aliniona. Macho yetu yalikutana, kisha akayaondoa.

"Sijui," alisema. "Ni mtu ako na kichwa mzuri kuliko yangu. Akae na kichwa yake. Jina aniachie."

Ningependa kuwaambia kwamba nilisimama papo hapo. Sikusimama. Niliangalia sakafu. Niliona aibu ambayo sijawahi kuona kabla wala baadaye: miaka yote ile nikijisifu kwamba nawapa watu sauti, na mzee huyu nilikuwa nimemnyang'anya hata kiti chake sebuleni. Baba Simiyu alinigeukia. Aliuchukua mkoba wangu magotini, akaushika yeye. Nikaelewa kwamba mikono yangu sasa iko huru na sina kisingizio.

"Ni mimi," nikasema, nimesimama. "Mimi ndiye wa gazeti. Nilibuni. Mzee Gichohi, nisamehe."

Wee! "Kumbe ni mwanamke mwenzetu ametutukana hivyo!" akapaza sauti yule fundi wa cherehani, na ukumbi ukawa soko. Mpiga picha akageuza kamera kwangu, mwanaharamu yule, akapiga mara tatu. Pasta alikuwa akiomba utulivu kwa mikono miwili. Ndipo Mama Wanjiru akaondoa kitambaa usoni, akageuka kwenye benchi, macho mekundu, akaniuliza kwa sauti iliyosikika hadi barabarani:

"Na wewe, mama, sopu unaiangalia?"

"Kila siku," nikasema. "Sijakosa hata moja."

Walicheka mpaka mabenchi yakalia. Zakaria pia alicheka.

Jumatatu saa mbili Mutiso alikuwa na picha mezani. Mdomo wangu umefunguka kama wa samaki. Nilikuwa nimeshapanga vitu vyangu kwenye katoni, msumari juu. Alizunguka dirishani, akarudi, akazunguka tena. Akasema angenifukuza, isipokuwa gazeti lake halijawahi kubishaniwa namna ile katika maisha yake, na hata mkewe alimpigia simu ofisini kumtetea yule msichana wa Mexico. Alinihamishia kwenye safu ya nyota, ile ya kuwaambia watu bahati yao ya wiki. "Huko," alisema, "kubuni kunaruhusiwa." Nilikaa huko miaka miwili, nikiwaahidi Nge wote safari za mbali.

Kabla ya kuhama alinipa kazi moja ya mwisho kwenye ukurasa wa barua. Bahasha ilikuwa imeletwa kwa mkono, karatasi ya daftari, kalamu ya buluu iliyokandamizwa sana. Niliinusa: maziwa. Nilichukua kalamu nyekundu kwa mazoea, nikaishika juu ya karatasi kwa muda mrefu, nikaiweka chini. Ni barua pekee katika kazi yangu yote ambayo sikuipunguza hata neno moja. Ilitoka Jumatano, juu kabisa, upande wa kulia:

"Kwa Mhariri. Mimi ndio Zakaria Gichohi wa Riruta. Zile zingine hazikuwa zangu, hii ni yangu. Bibi yangu amenirudishia kiti. Mtu akiwa na shida na mimi, asije saa moja jioni."